Kombe lisilohama: kisa cha shule nne za Mtwara na raga ya upande mmoja

Usuli

Kisa hiki ni cha shule nne za sekondari mkoani Mtwara. Nimezificha kwa majina ya miti: Mkorosho, Mbuyu, Mnazi na Mwembe. Miaka, kata na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Nilikuwa kwenye kamati ya bonanza kama mtu wa kuandika kumbukumbu na kupanga ratiba, sikuwa na timu. Naandika kwa ajili ya walimu wa michezo ambao wana shule moja inayobeba kila kitu na nyingine zinazokuja kuhesabiwa mabao.

Mkorosho ni ya bweni, kidato cha kwanza hadi cha sita. Tatu zilizobaki ni za kutwa na zinaishia kidato cha nne. Raga ililetwa na mwalimu mmoja wa Mkorosho aliyeicheza chuoni, na aliileta kwa busara: alianza na raga ya vitambaa. Hakuna kukabana wala kuangushana. Mwenye mpira akinyofolewa kitambaa kilichochomekwa kiunoni, anasimama na kumpasia mwenzake. Kila upande una wachezaji saba, wavulana na wasichana pamoja, dakika kumi kila kipindi. Ukivuka mstari wa mwisho na kuugusisha mpira chini umepata trai, na kwetu trai ilihesabiwa moja tu, si pointi 5 kama kwenye raga kamili.

Uwanja ulikuwa wa Mkorosho. Mipira mingi ilikuwa ya Mkorosho. Hata vitambaa vilikatwa na wanafunzi wa Mkorosho kutoka kwenye sare zilizochakaa. Shule nyingine zilipewa mpira mmoja mmoja. Ule wa Mnazi ulitobolewa na mwiba mapema, wakawa wanafanyia mazoezi chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga hadi katikati. Chupa hiyo inafundisha kupasia, tena vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiirusha vibaya inamuumiza mwenzako. Haifundishi kuudaka mpira wenye umbo la yai unapodunda, ambao ukitegemea uje kifuani unakimbilia magotini.

Kilichotokea

Bonanza la kwanza lilifanyika Oktoba. Mkorosho waliifunga Mwembe 13–0, Mnazi 15–1, na fainali wakaichapa Mbuyu 17–0. Mwaka uliofuata, Oktoba tena, fainali ikawa 19–0. Kombe lilitoka ofisini kwa mkuu wa Mkorosho asubuhi na kurudi palepale jioni.

Siku ya kugawa zawadi, mwalimu wa Mkorosho alitaka kuwafariji walioshindwa. Akawasimulia habari ya Namibia: mwaka 2003, kwenye Kombe la Dunia, mjini Adelaide, walifungwa na Australia 142–0, trai 22, na bado timu ile ikaendelea kufuzu Kombe la Dunia baada ya hapo. Alichokusudia ni kwamba kipigo si mwisho wa timu. Wanafunzi wakachukua jina tu. Kuanzia siku ile Mnazi wakawa “Namibia”. Walipoingia getini Mkorosho, madirisha ya bweni yalijaa vichwa: “Namibia, leo mmekuja wangapi?”

Wasichana wa Mnazi ndio walioacha kwanza. Mwaka wa tatu ilikuja barua ya mkuu wa Mnazi, fupi na ya heshima, ikisema shule haitashiriki kwa sababu ya usafiri. Gari lilikuwepo. Ndilo lililowapeleka kwenye netiboli wiki moja kabla.

Kikao cha kwanza na uamuzi wake

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa la wazi: wachezaji waishie kidato cha nne. Kijana wa kidato cha sita mwenye miaka kumi na tisa na mtoto wa kidato cha pili hawana mbio zinazolingana, hata bila kugusana. Mkuu wa Mkorosho alikataa kwa upole. Alisema raga ndiyo iliyowatuliza vijana wake wakubwa, na kuwatoa ni kuwarudisha kwenye utoro. Hakuna aliyebishana naye sana. Uwanja ulikuwa wake, mipira yake, na chakula cha mchana cha wageni kilipikwa jikoni kwake.

Ikabaki njia nyepesi: mechi isimamishwe tofauti ikifika trai kumi. Sababu zilikuwa za kueleweka. Haigharimu kitu, inaanza kutumika siku ileile, na kwa sikio ilisikika kama huruma.

Bonanza la tatu lilionyesha sheria ile ilivyofanya kazi. Mkorosho waliichukua kumi kama shabaha. Mchezaji wa akiba alishika saa pembeni, na baada ya mechi ya kwanza wakawa wanashindana na rekodi yao wenyewe. Mechi dhidi ya Mwembe iliisha kabla ya mapumziko. Watoto waliotoka alfajiri kwa Hiace, nauli wamechangiwa na wazazi, walicheza dakika zisizofika saba, kisha wakakaa kivulini kusubiri gari hadi alasiri. Wachezaji wa akiba wa Mkorosho nao hawakuingia kabisa. Kwenye mbio za kuwahi kumi, nani afanye mabadiliko?

Tulichokiangalia kabla ya kikao cha pili

Baada ya siku hiyo kamati ilituomba mimi na mwalimu wa Mkorosho tueleze kwa nini tofauti ni kubwa kiasi kile. Tulianza na raga ya kimataifa, kwa sababu tatizo letu ni la zamani huko na limeandikwa kwa namba.

Kombe la Dunia la wanaume limechezwa mara kumi kuanzia 1987 hadi 2023. Nchi nne tu ndizo zilizolichukua: Afrika Kusini mara nne, New Zealand tatu, Australia mbili, Uingereza moja. Kwa wanawake hali ni hiyohiyo au zaidi: ukiondoa Marekani mwaka 1991, makombe yote yamekwenda New Zealand na Uingereza. Na chini ya mabingwa hao kuna matokeo ya kutisha. New Zealand 145, Japani 17, mjini Bloemfontein mwaka 1995, tena New Zealand wakiwa wamepumzisha wengi wa kikosi cha kwanza. Uingereza 134, Romania 0, mwaka 2001. Ufaransa 96, Namibia 0, mwaka 2023.

Jambo la kwanza lililotugusa ni la kisheria, na wengi wanaotazama raga kwenye runinga hawalioni. Kwenye raga ya wachezaji kumi na watano, timu iliyofungwa ndiyo inayopiga mpira wa kuanza upya. Maana yake mara nyingi aliyefunga ndiye anayeudaka. Amefunga, na mpira anarudishiwa. Kati ya timu zinazolingana hilo halina madhara makubwa, kwa sababu mpira unapigwa juu na kugombewa. Kati ya wasiolingana ni mrija: yule anayezidiwa anautoa mpira kwa mkono wake mwenyewe baada ya kila trai. Kwenye raga ya wachezaji saba ni kinyume, aliyefunga ndiye anayepiga.

Sisi tulicheza saba kwa saba kwa sheria ya kumi na watano. Mwalimu alikuwa ameizoea hivyo chuoni. Nilirudi kwenye picha za simu za bonanza la pili na kumwangalia mvulana mmoja wa Mbuyu akianzisha upya. Anaudondosha mpira ili aupige unapodunda, mpira unaruka pembeni, anaupiga kwa ugoko, unakwenda hatua nane hivi. Mchezaji wa Mkorosho anauokota bila hata kuinama vizuri, anapita katikati, trai. Mvulana yuleyule anarudi katikati kuupiga tena. Mbuyu waliugusa mpira karibu kila baada ya dakika, ila ni kwa kuutoa.

La pili ni la orodha ya viwango ya World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani. Huko ukishinda kwa zaidi ya pointi 15 unaongezewa uzito wa mara moja na nusu, na hapo ndipo mwisho. Ushindi wa 16 na wa 142 vina thamani moja. Tena kama timu mbili zimeachana sana kwa viwango, mkubwa akishinda hapati chochote. Mchezo hausimamishwi, watu wanacheza dakika zao zote, lakini hakuna faida ya kuendelea kukandamiza. Sheria yetu ya kumi ilikuwa imefanya kinyume chake kabisa: imekata mchezo na kuiacha faida.

La tatu ni Namibia wenyewe, maana jina lao lilikuwa limeshaharibu kitu huku. Walicheza Kombe la Dunia mara saba mfululizo, 1999 hadi 2023, bila kushinda mechi hata moja. Lakini barani Afrika haohao ndio waliokuwa wakiwafunga wengine: fainali ya Kombe la Afrika mwaka 2022 waliifunga Kenya 36–0. Walikuwa juu mno kwa jirani zao na chini mno kwa wakubwa, na katikati hapakuwa na mtu wa kuwapa mechi ngumu ya kila wiki. Mwaka 2025, mjini Kampala, Zimbabwe wakawafunga 30–28 na kuchukua nafasi ya Afrika ya moja kwa moja ya kwenda Kombe la Dunia la Australia 2027. Mwalimu wa Mkorosho alinyamaza kidogo tulipofika hapo. Timu yake ilikuwa imetoka kufungwa vibaya na shule moja ya Dar es Salaam wakati wa likizo, na hakuwa amemwambia mtu.

Japani walitoka wapi hadi kuifunga Afrika Kusini 34–32 kule Brighton mwaka 2015, miaka ishirini baada ya zile 145? Hawakulindwa wasifungwe. Walijenga ligi ya makampuni, wakaajiri makocha wa nje, na baadaye, 2016 hadi 2020, timu yao ya Sunwolves ikaingia Super Rugby, ligi ya klabu za nchi za kusini mwa dunia, ikala vipigo kama 92–17 kutoka kwa Cheetahs ya Afrika Kusini, palepale Bloemfontein, na kuendelea kucheza wiki iliyofuata. Mwaka 2019 Japani wakafika robo fainali. Kilichobadilika ni idadi ya mechi ngumu kwa mwaka.

Ilipokuja zamu yetu kuhesabu, jibu likawa la kuaibisha kwa wepesi wake. Mkorosho walicheza wao kwa wao kila jioni, mabweni manne, mwaka mzima. Mnazi walikuwa wakicheza raga na shule nyingine mara moja kwa mwaka, Oktoba, dhidi ya Mkorosho.

Na Oktoba Mtwara ni nini? Ni korosho. Watoto wa kutwa wanatoka darasani kwenda shambani kuokota, wengine hawaonekani shuleni siku nzima, na mwalimu anayewaita mazoezini anaonekana adui wa familia. Watoto wa bweni wako ndani ya uzio, wanakula, wanalala, wanafanya mazoezi. Tulikuwa tumechagua mwezi ambao mmoja yuko kwenye ubora wake na watatu wako juani na vikapu. Hakuna aliyekusudia. Ratiba ilipangwa kwa kuangalia uwanja ulipo wazi, na uwanja ulikuwa wa Mkorosho.

Uamuzi wa pili

Tuliifuta sheria ya kumi. Badala yake, aliyefungwa trai anaanza na mpira mkononi katikati ya uwanja, hapigi. Kwenye msimamo wa bonanza, tofauti ya zaidi ya trai tano ilihesabiwa kuwa tano. Dakika zote zichezwe.

Bonanza likahamishiwa Mei, mvua zikiwa zinaisha na mashamba yakiwa hayajaanza kudai watu kwa wingi. Kati ya Februari na Aprili, shule tatu za kutwa zicheze zenyewe kila baada ya wiki mbili, bila Mkorosho. Hili lilileta ubishi mrefu. Mwalimu wa Mwembe aliona ni kama kukiri kwamba wao ni daraja la pili. Mwalimu wa Mbuyu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimjibu: “Mwalimu, sisi ni daraja la pili. Tuanze hapo.”

Pia tuliweka kombe la pili kwa watakaotolewa mapema, kama inavyofanyika kwenye mashindano ya wachezaji saba duniani, na tukakubaliana mwalimu wa Mkorosho azunguke shule za kutwa Jumamosi. Mkuu wake aliuliza kwa nini amlipe mtu kufundisha wapinzani. Mwalimu alimwambia tu habari ya Dar es Salaam ambayo hakuwa ameisema. Akaruhusiwa.

Kuhusu umri, mkuu alikubali nusu: wachezaji wa kidato cha tano na cha sita wasizidi wawili uwanjani kwa wakati mmoja.

Jina la Namibia halikupigwa marufuku kwenye sheria. Nilitaka lipigwe, wenzangu wakasema ukilikataza utalipa nguvu, na nadhani walikuwa sahihi.

Matokeo

Fainali ya Mei: Mkorosho 7, Mbuyu 4. Kombe halikuhama. Mnazi walirudi na wasichana watatu kwenye kikosi, wakafungwa na Mkorosho 9–3 na kuishinda Mwembe 6–5, mechi ambayo ndiyo ilikuwa na kelele kuliko fainali. Mnazi walipopata trai ya sita, wachezaji wao wawili walikimbia hadi chini ya madirisha ya bweni na kupiga kelele “Namibia! Namibia!” wao wenyewe. Mwamuzi alilazimika kuwaita warudi.

Kilichofanya kazi, kilichoshindikana, na ambacho hakijulikani

Kuanza na mpira mkononi ndiko kulikobadilisha mchezo haraka zaidi, na hakukugharimu shilingi. Mbuyu hawakuwa wamegeuka timu nyingine. Walikuwa tu wanaupata mpira. Kama una nafasi ya kubadilisha jambo moja shuleni kwako, angalia nani anapewa mpira baada ya kufungwa, kabla hujamtafuta mchawi kwenye nidhamu au moyo wa watoto.

Mechi za shule tatu zilifanya kazi ya polepole na ya ndani zaidi. Mnazi walishinda mechi mbili Machi, na mwalimu wao anasema idadi ya wanaokuja mazoezini ilipanda baada ya ushindi wa kwanza, si baada ya hotuba yoyote. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema dawa ya timu kubwa ni kuizuia. Kuizuia kunabadilisha namba ubaoni. Mtoto wa Mnazi alihitaji mpinzani ambaye anaweza kumshinda Jumamosi hii na kushindwa naye ijayo. Raga ya dunia yenyewe bado inasuasua hapo: mashindano mapya ya mataifa kumi na mawili yanayoanza 2026 yamepangwa kutokuwa na kupanda wala kushuka daraja hadi 2030, na wa chini wanaambiwa wasubiri.

Kombe la pili liliharibika. Mwembe walipoona njia ya kwenda huko ni rahisi kuliko kukutana na Mkorosho nusu fainali, walilegea waziwazi kwenye mechi ya makundi. Kila mtu aliona. Hakuna sheria tuliyoweza kuwashika nayo, na kusema kweli walikuwa wanafanya hesabu tuliyowawekea wenyewe. Safari hii halitakuwepo.

Ziara za mwalimu nazo zilikufa baada ya wiki chache. Hakuna aliyekuwa amejiuliza nauli ya bodaboda inatoka wapi. Alijilipia mwenyewe hadi akachoka, na hakulalamika, ndiyo maana kamati ilichelewa kujua. Mpango wowote unaotegemea ukarimu wa mtu mmoja uandikiwe fedha yake siku unapopitishwa.

Na kuna doa kwenye matokeo yetu mazuri. Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei. Siku ya bonanza, vijana wakubwa wa Mkorosho, wale waliokuwa wakifunga nusu ya trai zote, walikuwa kwenye chumba cha mtihani au wakijiandaa kuingia. Kwa hiyo zile 7–4 ni kazi ya sheria mpya, ya mechi za Machi, au ni kwa sababu mabingwa hawakuwa kamili? Kwenye kikao cha tathmini mwalimu wa Mwembe aliuliza hivyohivyo, na hakuna aliyekuwa na jibu lenye uzito. Matokeo ya Mnazi na Mwembe hayaguswi na hoja hiyo, kwa kuwa hazina kidato cha sita. Ya Mkorosho yanaguswa.

Bonanza lijalo limewekwa mwishoni mwa Agosti, kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi na kidato cha sita wapya wakiwa bwenini. Mwalimu wa Mkorosho amesema atawaleta wote, wawili wawili kama sheria inavyotaka. Mbuyu wameshaomba wapangiwe naye mechi ya kwanza.